Jumamosi za Baba

Friji ya walimu haikuwa na ugonjwa wowote. Fundi Baridi alilijua hilo kabla hajafungua mkoba wake wa vifaa. Alipoigusa ubavuni aliisikia ikinguruma vizuri, na alipofungua mlango alipokewa na harufu ya maziwa yaliyochacha tangu wiki iliyopita. Hata hivyo alipiga magoti, akaivuta kutoka ukutani, akaanza kuipapasa mgongoni. Fundi anayesema "haina kitu" dakika ileile aliyoingia huonekana tapeli, na yeye hakutaka kuonekana tapeli mbele ya mwalimu mkuu wa shule ya mwanawe.

"Unaona nini huko?" aliuliza mwalimu mkuu, amesimama juu yake na kikombe cha chai mkononi.

"Nani huwa anachomoa plagi?"

"Mlinzi. Ijumaa jioni anachomoa, Jumatatu asubuhi anachomeka. Ni agizo langu. Umeme siku hizi si mchezo, na wikendi humu hakuna mtu."

Kwa kawaida Fundi Baridi alikuwa mtu wa kumeza maneno. Alimwogopa karani wa benki, alimwogopa mama mwenye nyumba, alimwogopa hata kondakta aliyekataa kumrudishia chenji. Lakini akiwa nyuma ya friji hakumwogopa mtu yeyote.

"Mwalimu, mmeniita mara ngapi kwa ajili ya friji hii? Mara ya kwanza mkasema gesi imevuja. Mara ya pili mkasema ni themostati. Friji ni nzima kuliko mimi! Ikianza kushika baridi, mnaizima. Ikianza tena, mnaizima tena. Jumatatu nzima inahangaika kurudi pale ilipokuwa Ijumaa, nanyi mnafungua mlango kila dakika, kila mwalimu na kichupa chake. Friji si taa. Taa unazima, unawasha, inakuwa taa. Hii iacheni ifanye kazi hata siku ambazo hamuioni."

"Kwa hiyo tatizo ni sisi."

"Tatizo ni ninyi. Msiilaumu friji."

Mwalimu mkuu alicheka. Walimu wawili waliokuwa wakisahihisha madaftari pembeni nao wakacheka, na Fundi akafurahi kidogo, akadhani siku imeanza vizuri.

"Haya, umenipata," alisema mwalimu mkuu. "Sasa na mimi nikwambie tatizo lako, maadamu upo hapo."

Tatizo lake lilikuwa binti yake wa miaka tisa, mwenye jina la utani alilompa baba mwenyewe: Feni. Alimwita hivyo tangu anatambaa, kwa kuwa alikuwa akizunguka kutwa nzima na hakuna aliyejua swichi yake iko wapi. Nyumbani jina lile lilichekesha. Lilipomfuata shuleni halikumchekesha mtu.

"Mwalimu wa darasa amemhamisha kiti mpaka viti vimekwisha," alisema mwalimu mkuu. "Juzi ametoka katikati ya hesabu, amekwenda kumfukuza paka uwanjani. Darasa zima likamfuata. Mama yake ametuambia mmebadilisha dawa yake ya kumsaidia atulie. Sawa. Mwezi na zaidi sasa. Jumatatu analala juu ya dawati, akiamka anasema anataka kutapika. Alhamisi anaanza kukaa, tunasema afadhali. Jumatatu tena ni yaleyale. Hiyo ni dawa ya namna gani?"

"Daktari alisema inataka muda, mwalimu."

"Muda nimewapa. Wazazi wenzenu wananijia hapa na malalamiko, na mimi nina kamati juu ya kichwa changu. Mwisho wa muhula. Hali ikiwa ni hiihii, mtutafutie nafuu, mpelekeni kwingine."

Fundi alikuwa bado amepiga magoti. Hakuna aliyemwambia ainuke, na mwenyewe hakujua kama ni adabu kuinuka katikati ya maneno yale. Kwingine kulikuwa wapi? Shule ya karibu ilishamkataa kwa maneno matamu. Iliyobaki ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, mwendo mrefu kwa mtoto anayekimbilia paka, na madarasa yake yalijaa hadi watoto wa namna ya Feni waliachwa nyuma ya chumba wakue wenyewe. Walimu wawili wa pembeni walikuwa wameinamia madaftari kwa bidii ya watu wanaosikiliza.

"Na kwa kuwa friji ni nzima," alisema mwalimu mkuu, akimsindikiza mlangoni, "basi hakuna malipo, siyo?"

"Hakuna, mwalimu."

Nje, ukutani mwa darasa, Feni alikuwa amesimamishwa peke yake, uso ukielekea ukuta. Mguu mmoja juu ya mwingine, kidole kinachora chokaa, mdomo unaongea na sisimizi.

"Baba! Umekuja kunichukua?"

"Nimekuja kutengeneza friji."

"Imepona?"

"Haikuwa inaumwa."

"Kwa hiyo walikuita bure," alisema Feni, akarudi kwa sisimizi wake.

*

Jioni ile Fundi hakuweza kumweleza mkewe habari ya mwisho wa muhula moja kwa moja. Alianza na friji. Aliigiza mwalimu mkuu na kikombe chake, akaigiza mlinzi akichomoa plagi kwa heshima zote, mpaka Mama Feni, aliyekuwa ameloweka miguu kwenye beseni, akacheka machozi yakamtoka. Alifanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli. Aliondoka nyumbani kungali giza, Jumamosi pia, na kurudi vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni.

Ndipo akamwambia. Kicheko kilimwisha mara moja.

"Mwisho wa muhula? Na dawa bado haijashika?"

"Bado."

"Itashika," alisema, lakini aliitazama miguu yake. "Daktari alisema tuvumilie. Tuvumilie mpaka lini, hata sijui."

Ile dawa ya kwanza haikutaka uvumilivu. Ilikuwa ya kichocheo, ile inayoamsha ubongo ili mtoto aweze kukaza fikira. Feni aliimeza na chai, na kabla hajafika shuleni alikuwa ametulia. Walimu waliisifu. Lakini ilimkatia hamu ya chakula mpaka sketi ikawa inamvuka, na usiku alikodoa macho kwenye dari. Halafu kulikuwa na jambo jingine, ambalo Fundi hakumwambia mtu. Mtoto alinyamaza. Alikaa kama picha iliyotundikwa, ukimwita anageuka, ukimwacha anabaki vilevile. Daktari wa wakati ule alipoona uzito unashuka alisema wikendi wamwache apumzike bila dawa, apate kula. Basi kila Jumamosi Feni alimrudia baba yake, na kelele zake zote.

Uzito haukupanda, usingizi haukurudi, na daktari mpya akabadilisha dawa. Mama Feni alikwenda peke yake siku hiyo, kwa kuwa Fundi alikuwa juu ya ngazi akitundika kiyoyozi cha mtu asiyetaka kusubiri. Alirudi na chupa na maelezo: hii si ya kichocheo, ni ya aina nyingine, haina haraka. Asubuhi, baada ya kula, ameze kidonge kizima bila kukifungua, kila siku. Matokeo wasiyategemee kesho.

Fundi aliyasikia yote. Kila asubuhi ya shule alisimama na glasi ya maji mpaka Feni ameze na kutoa ulimi kuonyesha. Ila Jumamosi na Jumapili aliziacha kama zilivyokuwa. Masikioni mwake "kila siku" lilikuwa neno kama "kila mtu". Mtu husema kila mtu amekuja harusini, na nusu ya mtaa imebaki nyumbani. Tena chupa nayo ilidumu zaidi. Hakuona kosa.

Na Jumamosi ilikuwa tamu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichojaa friji za watu, nyingine hazina milango, nyingine zina milango na hazina kitu ndani. Feni alikaa juu ya kreti la soda, katikati, na kazi yake ilikuwa kopo la skrubu. Azitoe, azipange kwenye vikopo vidogo: ndefu, fupi, zenye kichwa bapa. Hakuwahi kuimaliza. Alipanga kumi, akaona waya mzuri, akatengeneza miwani, akavaa miwani, akawa mteja.

"Fundi, friji yangu inalia usiku! Nafikiri imefiwa!"

Fundi alicheka mpaka akaangusha bisibisi. Ikifika saa ya kufunga alizimwaga skrubu zote zirudi kopo kubwa, akaweka rafuni zisubiri Jumamosi nyingine.

"Baba, leo pia sinywi?"

"Leo Jumamosi. Jumamosi ni yetu."

*

Kliniki walikwenda wote watatu. Mama Feni alikuwa ameomba ruhusa kwa msimamizi wake, ambaye sasa alimwita Bi Ruhusa mbele ya wenzake. Walikaa kwenye benchi refu. Feni alipanda benchi, akashuka, akahesabu vigae, akamuuliza mzee mmoja kwa nini masikio yake yana nywele. Mama mmoja mwenye mtoto aliyelala alimvuta mwanawe upande wa pili, taratibu, kama anayesogeza chakula mbali na nzi. Mama Feni aliona. Alifunga kitambaa chake upya kichwani, kwa nguvu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, na upole ule ndio uliomchokoza Mama Feni.

"Haifanyi kazi," alisema kabla hajaketi sawasawa. "Daktari, mimi siyo mtu wa kelele, lakini haifanyi kazi. Ile ya kwanza ilimkondesha, hii haimfanyi kitu. Jumatatu analala, anatapika. Shule wanamtoa. Mnatujaribia watoto wetu?"

"Mnampa kila siku?"

"Kila siku. Mimi natoka gizani, lakini baba yake anampa kwa mkono wake. Hajakosa hata moja."

Feni alikuwa chini ya kitanda cha wagonjwa, akichunguza magurudumu.

"Isipokuwa Jumamosi na Jumapili," alisema kutoka huko. "Hizo ni za baba."

Mama Feni alimgeukia mumewe polepole. Fundi alitazama mikono yake, yenye grisi isiyotoka hata kwa sabuni ya unga.

"Baba?" alisema daktari.

"Yule daktari wa kwanza alisema wikendi apumzike."

"Ile dawa ya kwanza, ndiyo. Ile unameza asubuhi, inafanya kazi, jioni imekwisha. Ukiacha siku mbili umeacha siku mbili, basi. Hii haiendi hivyo. Inajijenga taratibu, wiki baada ya wiki, na inataka kila siku, shule iwepo isiwepo. Mkiiacha wikendi, Jumatatu mwili unaipokea kama mgeni. Ndiyo maana usingizi, ndiyo maana tumbo linamchafuka. Ikianza kushika, mnaiacha tena."

Fundi aliyatambua maneno yale. Aliyasema yeye mwenyewe, karibu hivyohivyo, akiwa nyuma ya friji ya walimu, na watu wakamcheka kwa kumkubali. Aibu ilimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni, na laiti kungekuwa na friji mle ndani angejificha nyuma yake.

"Kwa hiyo inafanya kazi au haifanyi?" aliuliza Mama Feni. Sauti ilikuwa imeshuka, na Fundi aliiogopa ilivyoshuka.

"Sijui, mama. Inaweza kumfaa, inaweza isimfae. Wako inaowasaidia, wako tunaolazimika kutafuta njia nyingine. Siwezi kuwadanganya. Ila mpaka leo, dawa hii hatujaijaribu bado. Tuanze kuhesabu upya."

"Muhula unakwisha, daktari."

"Nitawaandikia shule barua," alisema daktari. Alikuwa na huruma, lakini hakuwa na wiki za kuwapa.

*

Mama Feni alitangulia. Alitembea pembeni mwa barabara kwa hatua za mtu anayefukuzwa, na Feni alirukaruka kati yao akikanyaga mawe meupe tu.

"Kumbe mimi ndiye mjinga wa nyumba hii," alisema bila kugeuka.

"Mama Feni..."

"Nilikwambia kila siku. Jumamosi siyo siku? Inaitwaje?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani! Mimi kila mara naitwa shuleni, naambiwa mwanao hivi, mwanao vile, nainamisha kichwa nasema itashika, mwalimu, tuvumilie. Leo nimemgombeza daktari wa watu. Na wewe ulivyotuchekesha na habari za mlinzi! Kumbe huku nyumbani mlinzi ni wewe. Kila Ijumaa unachomoa plagi!"

Mwanamume mmoja aliyekuwa akiuza soksi alitoa macho. Fundi alingoja wampite.

"Nilikuwa namtaka," alisema.

"Unamtaka nani?"

"Feni. Ile dawa ya kwanza ilinichukulia mtoto. Ulikuwa unarudi usiku, hukumwona. Alikuwa anakaa tu. Nikasema na hii ikimchukua, basi angalau wikendi niwe naye."

Mama Feni alisimama. Kwa kitambo Fundi alidhani amesamehewa.

"Na mimi?" alisema. "Mimi simtaki? Wewe umekula Jumamosi zako zote. Mimi nina siku gani na huyu mtoto? Nitajie moja."

Feni aliwavuta wote wawili mikono, kwa sababu mawe meupe yalikuwa yameendelea mbele na wao wanachelewesha.

*

Barua ya daktari mwalimu mkuu aliisoma nusu, akaiweka mezani, akaweka kikombe juu yake. Fundi alikitazama kikombe kikiacha duara la chai kwenye karatasi.

"Kosa ni langu, mwalimu," alisema. Alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima. "Yale niliyowaambia kuhusu friji, mimi mwenyewe nimeyafanya kwa mwanangu. Nilikuwa nampa siku za shule tu. Ndiyo maana Jumatatu alikuwa vile. Sasa tumeanza sawasawa. Tunaomba muhula mmoja zaidi."

Mwalimu mkuu alimtazama, kisha akaangua kicheko, kicheko cha kweli kilichomtoa kikohozi. Akamwita mwalimu wa pembeni aje asikie. "Yule fundi wetu mkali! Kumbe na yeye alikuwa anazima!" Fundi alitabasamu. Alijikaza akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, kwa sababu mtu anayecheka huenda akakubali.

"Tutaangalia," alisema mwalimu mkuu, akifuta macho.

Jumamosi iliyofuata, Fundi aliweka glasi ya maji na kidonge mezani, pembeni mwa mkate. Feni alivitazama, akamtazama baba yake.

"Si leo Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo siyo yetu tena."

"Ni yetu. Ila na dawa."

Feni alikimeza akimkazia macho, kama mteja aliyepunjwa. Karakanani alilala kwenye maboksi kati ya friji mbili, akaamka akatapikia ndoo, akalala tena. Kopo la skrubu lilibaki rafuni. Fundi aliunganisha waya mmoja mara tatu akikosea. Ndiyo haya, aliwaza, wamemchukua tena, na safari hii nimewapa mimi kwa mkono wangu. Alitamani kukipiga kile kichupa teke.

Jumamosi ya pili hakulala, wala hakutulia. Ya tatu alivunja kioo cha mtu. Mama Feni kila usiku aliuliza swali lilelile, na Fundi alijibu jibu lilelile, mpaka wakaacha kuulizana. Kidonge tu ndicho kilichoendelea, asubuhi kwa asubuhi, ulimi nje, haya nenda. Kungoja bila kuona chochote kuliwachosha kuliko kazi zao, nao hawakuwa watu wa kazi nyepesi.

Halafu siku moja mwalimu wa darasa, msichana mwembamba aliyechoka, alimsimamisha Fundi getini. "Wiki hii amemaliza kunakili ubaoni. Mara mbili. Na Jumatatu hakulala." Aliongeza haraka, kama anayeogopa kumpa mtu matumaini, "Bado anaongea sana."

"Anaongea?"

"Sana, baba."

Fundi nusura amkumbatie.

*

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alimwita ofisini kwa walimu. Safari hii kulikuwa na kiti, na Fundi alipoonyeshwa kiti alijua habari si njema.

"Nimesikia anaendelea vizuri kidogo," alisema mwalimu mkuu. "Nimefurahi. Kweli nimefurahi. Lakini kamati ilikaa zamani, ilishaamua. Nafasi amepewa mtoto mwingine, na wazazi wake wameshalipia. Kama mngewahi..."

"Mwalimu wa darasa mwenyewe anasema..."

"Anasema kidogo. Kidogo, fundi. Na kidogo ya wiki mbili mimi nitaipelekea kamati? Nitaisimamia vipi?"

Nyuma ya mwalimu mkuu friji ilikuwa ikinguruma kwa raha zake. Mwalimu mkuu aligeuka, akaifungua, akatoa maziwa, labda kwa kuwa hakutaka kukaa anatazamana na mtu.

"Ila hii umetutendea wema. Tangu siku ile hatuizimi. Sasa mpaka inagandisha."

"Ilianza lini kugandisha?"

"Mwanzoni wala. Walimu wakaanza kunung'unika, wakasema fundi ametudanganya, tuitupe tununue nyingine. Nikawaambia hapana, aliyesema ni fundi, tuingoje."

"Mkaingoja."

"Tukaingoja."

Fundi Baridi aliinuka. Alichukua mkoba wake wa vifaa.

"Friji mliingoja, mwalimu," alisema.

Mwalimu mkuu alitazama ndani ya kikombe chake. "Uamuzi haukuwa wangu peke yangu," alisema, na chai aliyokuwa akiitia maziwa ikafurika mezani. Fundi alikuwa na mengi ya kusema, na njiani aliyasema yote, moja baada ya jingine, kwa sauti, mpaka watu wakampisha. Pale ofisini aliaga tu.

*

Jumamosi ile Mama Feni alikuwa kazini. Alikuwa amesema watakwenda kuiona shule ya ng'ambo ya barabara kuu siku atakayopata ruhusa, na alipolitaja neno ruhusa alilitema. Hakumlaumu tena mumewe kwa mdomo. Alimwekea chakula, akamfunikia, na Fundi aliona hiyo ni adhabu ya kumtosha.

Karakanani alikuwa amefungua kompresa ya zamani na hasira zake zote zilikuwa zimeishia kwenye boliti moja isiyotaka kulegea. Angekubali tangu mwanzo kwamba kila siku maana yake ni kila siku. Zile wiki alizozichezea ndizo zilizokosekana. Zingekuwapo, kidogo ile ingekuwa nyingi, na kamati ingeikuta. Aliipiga ile boliti kwa nyundo ikakatika kichwa.

Feni alikuwa kwenye kreti lake, anaongea. Alikuwa ameanza na habari ya paka wa shuleni, kwamba sasa atafukuzwa na nani, akaingia kwenye habari ya mteja mwenye sauti kama kuku, akamwigiza, akauliza kama samaki wana kiu, akajibu mwenyewe. Fundi alikuwa akiitikia "eeh" na "kumbe" bila kusikiliza, kwa sababu sauti ile ilikuwa imekuwapo miaka yote na hakufikiri kuitilia maanani.

Kisha aliisikia imenyamaza.

"Baba, zimekwisha. Nifanye nini sasa?"

Aligeuka. Vikopo vilikuwa vimepangwa kwenye mstari ukutani: ndefu, fupi, zenye kichwa bapa. Kikopo cha nne Feni alikiongeza mwenyewe kwa zile zilizopinda. Fundi alichukua kopo kubwa, akachungulia. Chini kulikuwa na kutu na mbu mkavu. Miaka yote aliyokuwa nalo hakuwahi kukiona kitako cha kopo lile.

Kazi ya pili hakuwa nayo, kwa kuwa ya kwanza haikuwahi kwisha. Shule ya kumpeleka hakuwa nayo pia.

"Ngoja," alisema, akigeukia friji za watu asije akaonekana uso. "Ngoja kidogo, mwanangu, nikutafutie."

Feni alikaa juu ya kreti, akaweka mikono magotini, akangoja.